Kinachobaki nyota ikilipuka, na kwa nini hutafutwa jirani na masafa ya FM

Kuanzia mwaka 2024 habari moja imekuwa ikizunguka kwenye magrupu ya WhatsApp: nyota iitwayo T Coronae Borealis inakaribia kulipuka. Kabla yake, mwishoni mwa 2019 na mwanzoni mwa 2020, ilikuwa zamu ya Betelgeuse, ile nyota nyekundu begani mwa kundinyota la Jabari. Ilififia ghafla, na wengi wakaamini mwisho wake umefika. Habari za namna hii hufuatwa na video fupi zenye mvumo wa kutisha na maelezo kwamba hiyo ni "sauti ya nyota iliyokufa", imenaswa kwa redio. Msomaji hubaki na vitu vinne vilivyochanganywa katika chungu kimoja: nova, supanova, masalia ya supanova, na sauti. Tuvitenganishe kwanza, kisha twende kwenye jambo lenyewe ambalo video hizo hulipita juu juu.

Nova ni mlipuko wa juu ya uso. T Coronae Borealis ni nyota mbili zinazozungukana, na moja kati yake ni kibete nyeupe, yaani kiini kizito kilichobaki baada ya nyota ya kawaida kuisha. Kibete hicho hunyonya gesi ya mwenzake, gesi inarundikana, halafu inalipuka. Kibete chenyewe hakivunjiki, ndiyo maana nyota hiyo ilionekana ikilipuka mwaka 1866 na tena mwaka 1946. Anayetangaza kwamba "inakufa" amekosea.

Supanova ndiyo kifo chenyewe. Kuna njia kuu mbili. Nyota yenye uzito wa zaidi ya mara 8 hivi ya Jua huishiwa nishati katikati, kiini kinaporomoka kwa ndani na tabaka za nje zinarushwa. Au kibete nyeupe kinavuka uzito kinaoweza kuubeba na kusambaratika chote. Kwa njia yoyote, gesi inatupwa nje kwa kasi inayofikia maelfu ya kilomita kwa sekunde. Masalia ya supanova ni gamba la gesi hiyo pamoja na gesi ya angani inayosukumwa mbele yake. Mwanga wa supanova huisha kwa miezi au miaka michache, lakini masalia hudumu makumi ya maelfu ya miaka.

Kuhusu Betelgeuse, hofu haina msingi. Kufifia kwake kulisababishwa kwa sehemu kubwa na vumbi ambalo nyota yenyewe ililitema. Itakuja kulipuka siku moja, pengine baada ya miaka elfu nyingi, lakini iko zaidi ya miaka 500 ya nuru kutoka hapa (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja). Ili supanova itudhuru ingepaswa kuwa ndani ya makumi machache ya miaka ya nuru, na nyota ya kulipuka namna hiyo haipo karibu kiasi hicho. Wala mawimbi ya redio ya masalia hayazimi simu ya mtu. Ni hafifu mno, kama hesabu itakavyoonyesha hapo chini.

Redio si sauti

Mawimbi ya redio ni ya ukoo mmoja na mwanga. Yanasafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde na hayahitaji hewa. Sauti ni mtikisiko wa hewa au wa kitu kingine, na kati ya nyota hakuna hewa ya kuufikisha kwetu. Redio iliyoko dukani au kwenye daladala hutoa sauti kwa sababu kituo kimeipachika sauti ya mtangazaji juu ya wimbi, nayo redio inaitoa tena. Masalia ya supanova hayana mtangazaji. Kinachofika ni mchakacho mtupu, wa jamii ile ile ya mchakacho unaosikika ukiweka FM mahali pasipo na kituo, na sehemu ndogo ya mchakacho huo kweli hutoka angani. Video za "sauti ya nyota" hutengenezwa kwenye kompyuta: vipimo vya mng'ao hugeuzwa kuwa mlio kwa kanuni aliyoichagua mtengenezaji. Ni njia halali ya kuwasilisha vipimo, hasa kwa wasioona, ila hakuna aliyeweka maikrofoni angani.

Masafa ni idadi ya mawimbi yanayopita kwa sekunde moja. Megahezi 1 ni mawimbi milioni 1. Ukitaka urefu wa wimbi kwa mita, gawanya 300 kwa idadi ya megahezi. FM, inayoanzia megahezi 88 hadi 108, ina mawimbi ya mita 3 hivi. Kwenye megahezi 150 wimbi lina mita 2. Kwenye megahezi 1,400, ambako darubini nyingi za redio zenye umbo la dishi hufanya kazi, lina sentimita 21. Wanaastronomia wakisema masafa ya chini, kwa kawaida wanamaanisha kuanzia megahezi 10 hadi 350 hivi, na vituo vya FM viko ndani ya eneo hilo.

Kwa mawimbi marefu hivyo dishi halina faida kubwa, kwa sababu lingepaswa kuwa kubwa mno. Badala yake hutumika antena nyingi ndogo za nyaya na vyuma, zimesimama uwanjani, kila moja ikituma mawimbi yake kwenye kompyuta inayoyaunganisha. LOFAR, yenye kitovu Uholanzi, ni ya namna hii. Ina antena za aina mbili: moja ya megahezi 10 hadi 90, nyingine ya 110 hadi 240. Pengo lililoachwa katikati ni FM. Murchison Widefield Array, iliyo jangwani Australia Magharibi, ilianza kazi mwaka 2013 ikiwa na vigae 128, kila kigae kikiwa na antena 16, ikipima kati ya megahezi 70 na 300. Karibu zaidi na kwetu, Mauritius ilijenga yake huko Bras d'Eau: antena 1,024 za umbo la springi katika mstari wa kilomita 2 kutoka mashariki hadi magharibi, zikipima kwenye megahezi 151.5.

Wapo wanaodhani masafa ya chini ni teknolojia ya zamani iliyopitwa. Ni kweli elimu hii ilianzia huko. Karl Jansky, huko New Jersey, alinasa mawimbi ya galaksi yetu, yaani Njia Nyeupe, kundi kubwa la nyota ambamo Jua limo, mwanzoni mwa miaka ya 1930 kwenye megahezi 20.5. Baadaye wengi walihamia juu kwa sababu picha za chini zilikuwa na ukungu. Kilichowarudisha ni kompyuta, ambazo sasa zinaweza kusahihisha makosa yaliyokuwa hayasahihishiki. Tena ilibainika kwamba masalia mengi yalikuwa yamejificha huko huko chini.

Kwa nini gamba la zamani hung'aa zaidi kwenye masafa ya chini

Gamba linapogonga gesi iliyo mbele yake hutokea wimbi la mshtuko. Kwenye wimbi hilo uga sumaku unabanwa, na elektroni zinasukumwa huku na huku hadi zinakaribia kasi ya mwanga. Elektroni yenye kasi hiyo ikizunguka ndani ya uga sumaku hutoa mawimbi ya redio. Mng'ao huu huitwa mnururisho wa sinkrotroni, na hauhusiani na joto: gesi haihitaji kuwa ya moto ili ing'ae.

Katika kundi la elektroni hizo, zenye nishati ndogo ni nyingi sana na zenye nishati kubwa ni chache. Zenye nishati ndogo hutoa mawimbi ya masafa ya chini. Matokeo yake ni kwamba masalia hung'aa zaidi kadiri unavyoshuka. Kwa gamba la kawaida, ukitoka megahezi 1,400 ukashuka hadi 150, mng'ao unaongezeka takriban mara 3. Kuna faida nyingine. Elektroni za nishati kubwa huchoka mapema kwa kupoteza nishati, ilhali zinazong'aa kwenye megahezi 150 zinaweza kuendelea kwa mamilioni ya miaka. Gamba lenyewe litatawanyika kabla elektroni hizo hazijaisha nguvu.

Mawimbi haya pia hayazuiwi na vumbi. Masalia yaitwayo G1.9+0.3, karibu na kitovu cha galaksi, yana umri wa miaka mia moja na kitu. Mwanga wa mlipuko wake ungeweza kufika hapa karibu na mwanzo wa karne ya 20, lakini hakuna aliyeuona kwa sababu vumbi la galaksi liliumeza. Yalijulikana kwa redio miaka ya 1980, na umri wake mdogo ulithibitishwa mwaka 2008 baada ya kulinganisha picha za zamani na mpya na kuona gamba limekua. Supanova ya mwisho ya galaksi yetu ambayo watu waliiandika kwa hakika baada ya kuiona kwa macho ni ya 1604.

Wawili wanaofanana

Hapa ndipo masafa ya chini yanapolipa, na ndipo maelezo ya mitandaoni yanapokosekana.

Galaksi yetu hupata supanova moja au mbili, kwa wastani, katika kila miaka 100. Masalia yakidumu makumi ya maelfu ya miaka, tungepaswa kuyaona zaidi ya 1,000. Orodha iliyopo ina takriban 300. Yako wapi mengine?

Sehemu ya jibu ni kwamba kuna kitu kingine kinachofanana nayo. Nyota changa zenye joto kali huivua gesi inayozizunguka elektroni zake, na gesi hiyo hung'aa kwa redio. Mawingu haya ya haidrojeni mara nyingi ni ya duara, yana kingo angavu, na hukaa kwenye mkanda ule ule wa Njia Nyeupe. Kwenye megahezi 1,400, wingu la nyota zinazozaliwa na gamba la nyota iliyokufa vinaweza kuonekana kama pacha. Mtu akitazama picha moja tu hawezi kuapa ni kipi.

Shuka sasa hadi chini ya megahezi 150, nao wanaachana. Wingu la haidrojeni hung'aa kwa joto lake, na joto hilo ni nyuzi 10,000 hivi, halizidi hapo. Kadiri masafa yanavyoshuka gesi hiyo hugeuka kuwa pazia: haipitishi tena mawimbi yaliyo nyuma yake. Wakati huo galaksi yote nyuma ya wingu inazidi kung'aa kwa sinkrotroni. Kwa hiyo chini ya megahezi 100 wingu hilo hufifia, na mara nyingine huonekana kama doa la giza mbele ya uwanja angavu. Gamba la supanova linafanya kinyume, linazidi kung'aa. Ukipima mahali pamoja katika masafa mawili yaliyoachana vya kutosha, umepata kitambulisho chake.

Njia hii imezaa matunda. Mwaka 2006 timu iliyotumia darubini ya VLA ya Marekani kwenye megahezi 330 hivi ilitangaza masalia mapya 35 katika kipande kidogo tu cha Njia Nyeupe. Mwaka 2019 timu ya Natasha Hurley-Walker, ikitumia ramani ya GLEAM iliyopimwa Australia kati ya megahezi 72 na 231, ilitangaza mengine 27. Picha ya rangi ya ramani hiyo inasambazwa sana, na wengi huuliza kama rangi zake ni za kweli. Jicho halioni redio, hivyo rangi zimepangwa: nyekundu imepewa masafa ya chini kabisa, kijani ya kati, bluu ya juu. Ukiielewa kanuni hiyo unaweza kuisoma mwenyewe. Magamba ya supanova yanaelekea rangi ya chungwa, kwa kuwa yana nguvu zaidi chini, na mawingu ya nyota changa yanaelekea bluu.

Sababu ya pili ya magamba kukosekana ni ukubwa. Masalia ya kale ni mapana mno. Yale yaitwayo Vela, yaliyo upande wetu wa kusini, yana upana wa digrii 8, sawa na miezi mipevu 16 ikipangwa mstari mmoja. Darubini ya antena nyingi hupima kwa kulinganisha antena mbili mbili, na haioni kabisa kitu kipana kuliko kipimo fulani kinachotokana na antena mbili zilizo karibu zaidi. Kwa antena zilizoachana mita 36, kwenye wimbi la sentimita 21 kikomo ni theluthi moja tu ya digrii. Kwa wimbi la mita 2, nafasi ile ile ya mita 36 inakupa zaidi ya digrii 3. Magamba makubwa yalikuwa pale pale, ila darubini za masafa ya juu ziliyachuja bila kukusudia.

Pazia la gesi, ambalo hapo juu lilitenganisha pacha, lina kazi nyingine ninayoona ni nzuri kuliko zote. Ndani ya Cassiopeia A, masalia ya umri wa miaka 340 hivi katika kundinyota la Mke wa Kurusi, kuna vipande vya nyota ambavyo bado havijafikiwa na wimbi la mshtuko. Ni baridi, havitoi mwanga wa maana, na kuvipima ni shida. Lakini vinazuia mawimbi ya chini yanayotoka upande wa nyuma wa gamba. Vipimo vya LOFAR vilivyochapishwa mwaka 2018, vilivyofanywa chini ya megahezi 80, vilikionyesha kivuli hicho katikati ya gamba, na kutokana na ukubwa wake wataalamu walikadiria uzito wa kitu wasichokiona.

Gharama yake

Tatizo la kwanza ni ukungu wa picha. Mtu aliyesimama usiku kando ya barabara ya Arusha kwenda Moshi akiona taa moja mbali hawezi kujua ni pikipiki au ni lori, mpaka likaribie na taa moja igawanyike kuwa mbili. Jicho lake lina kikomo, takriban sehemu 1 ya 60 ya digrii, na taa za gari huungana likiwa mbali kama kilomita 5. Darubini ya redio ina kikomo cha namna hiyo, na kinategemea urefu wa wimbi ukigawanywa kwa upana wa darubini. Kwa wimbi la mita 2, antena zilizotandazwa kilomita 3 bado zinaona vibaya kuliko jicho la mtu. Ili kulifikia jicho zinahitajika kilomita 7. Lakini antena moja ikiwa Arusha na nyingine Moshi, umbali wa kilomita 73 hivi kwa mstari ulionyooka, zingeligawa gamba la Cassiopeia A, ambalo lina upana wa sehemu 5 za 60 za digrii, katika vipande zaidi ya 50. Ndiyo maana miradi ya sasa haijengi kimoja kikubwa bali hutawanya vingi vidogo. SKA-Low, inayojengwa Australia, imepangiwa antena 131,072 kwa megahezi 50 hadi 350.

La pili ni ionosfea, tabaka la juu la anga ambalo Jua limelitia umeme. Chini ya megahezi 10 hivi haliruhusu mawimbi ya angani kufika ardhini. Juu ya hapo linayapindisha, na upotofu huo unaongezeka kwa mraba wa urefu wa wimbi: wimbi likiwa refu mara 10, linapindishwa mara 100. Kitu kinaonekana si mahali pake, na mahali hapo panabadilika kila dakika chache. Katika ukanda wetu wa tropiki hali huwa mbaya zaidi baada ya Jua kuzama hadi karibu usiku wa manane, hasa miezi ya Machi, Aprili, Septemba na Oktoba. Tabaka hilo hupasuka katika viputo, na chanzo cha redio kinaanza kumetameta vikali. Wapima ardhi wanaotumia GPS za usahihi mkubwa wanaujua usumbufu huo.

La tatu ni sisi wenyewe. Chukua kituo cha FM cha kilowati 1 kilicho umbali wa kilomita 10. Antena ndogo inapokea kutoka kwake nguvu zaidi ya mara bilioni 10 ya ile inayopokea kutoka Cassiopeia A katika upana wa megahezi 1, na Cassiopeia A ni kati ya vyanzo vyenye nguvu kuliko vyote angani baada ya Jua. Kwenda jangwani kunasaidia, ila hakumalizi. Mawimbi ya FM hudunda kwenye ndege, kwenye mikia ya vimondo, na darubini ya Murchison imewahi kupima FM ya duniani ikirudi kutoka Mwezini.

Kutoka Arusha na Moshi

Mtu wa hapa anaweza kuipata Cassiopeia A mwenyewe, kwa vifaa ambavyo fundi redio anavijua. Ipo kaskazini mwa anga na kwetu haipandi sana: inapokuwa juu kabisa ina digrii 28 kutoka upeo wa macho. Swali la kwanza la mtu wa Arusha ni kama Mlima Meru hautaiziba. Hautaizuia. Ukiwa mjini, kilele cha Meru kinafika digrii 12 tu. Kwa mtu wa Moshi, Kibo inafika kama digrii 9. Chanzo kinapita juu ya milima yote miwili kwa nafasi kubwa.

Zinahitajika antena mbili za Yagi, zile za vijiti sambamba kama za TV za zamani, zenye vijiti 5 hadi 7, zimekatwa kwa megahezi 151. Eneo la megahezi 150.05 hadi 153 limetengewa astronomia katika kanda ya dunia iliyo na Afrika, na liko juu ya FM na juu ya mawasiliano ya ndege, ambayo huishia megahezi 137. Antena zisimame mita 40 moja kutoka nyingine, kwa mstari wa mashariki na magharibi kwa uangalifu, zote zikielekea kaskazini. Kila moja iwe na kichujio cha kuzuia FM, kisha kikuza ishara. Watu wengi hukosea mpangilio huu wakaweka kikuza kwanza. Kikielemewa na FM, ukuzaji wake hushuka na kupanda kadiri vituo vinavyobadilika, na vipimo vyote vinaharibika. Kichujio kikitangulia hupunguza ishara kidogo, na hilo halina madhara kwa sababu kwenye megahezi 151 kelele ya galaksi yenyewe ni kubwa kuliko kelele ya kikuza. Kwa sababu hiyo hiyo hakuna haja ya vikuza vya bei kubwa.

Nyaya mbili za kutoka kwenye antena ziwe na urefu sawa, aina moja, zikutane kwenye kiunganishi katikati, halafu kwenye kipokezi cha SDR cha USB (redio ndogo inayoendeshwa na programu ya kompyuta) na kompyuta mpakato. Tumia betri ya volti 12. Inveta za sola, chaja za simu na taa za LED za bei ya chini hutapika kelele katika masafa haya haya, na nyingi huanza kazi jioni, wakati ule ule unaotaka kupima. Mawingu si tatizo, mawimbi ya mita 2 hayayajui. Maji ndiyo adui: tone likiingia kwenye kiunganishi cha nje, ishara inapotea polepole bila dalili nyingine, kwa hiyo kila kiungo kifungwe kwa utepe wa mpira. Radi ikianza kusikika, chomoa nyaya.

Cassiopeia A inaongeza kama sehemu 3 tu katika 100 ya kelele inayopokelewa na antena ya aina hii. Ukitumia antena moja, mabadiliko ya joto la kikuza yanatosha kuificha. Antena mbili zinaiokoa kwa sababu Dunia inapozunguka, mawimbi yanayofika kwenye antena hizo hupishana na kulingana kwa zamu, na mstari wa kipimo unapanda na kushuka kwa utaratibu. Kwa mita 40 na megahezi 151, Cassiopeia A inapopita kaskazini kabisa hutoa mpando na mshuko mmoja kila dakika 22. Friji ya jirani haiwezi kufanya hivyo. Kuna uthibitisho mwingine, ule ule uliomwongoza Jansky: kitu cha angani huwahi dakika 4 kila siku. Karibu tarehe 20 Septemba Cassiopeia A hufika juu kabisa saa sita usiku, na tarehe 20 Novemba saa mbili usiku. Chochote kinachotokea saa ile ile kila siku kimewashwa na binadamu.

Antena ziinuliwe digrii 37, wala zisilengwe kwenye 28 moja kwa moja. Katika mwinuko huo unapata vyanzo viwili kwa pamoja, kwa kuwa saa 3 na dakika 24 kabla ya Cassiopeia A hupita Cygnus A kwenye digrii 46. Cygnus A si masalia. Ni galaksi ya mbali sana, na kwa antena zile zile hutoa mpando mmoja kila dakika 15. Katikati ya usiku mistari ya vyote viwili itaingiliana, na programu yoyote ya kuchambua mawimbi huitenganisha kwa kipindi chake. Miezi mizuri ni Julai na Agosti: vyote viwili hupita usiku, mvua hakuna, na ionosfea haijaingia msimu wake mbaya.

Chanzo hicho cha pili kina kazi. Gamba la Cassiopeia A linapopanuka hupoa nguvu, na mng'ao wake hupungua kwa asilimia 0.6 hadi 0.7 kila mwaka, ilhali Cygnus A haibadiliki kwa umri wa binadamu. Anayenakili kipimo cha Cassiopeia A kutoka jedwali la mwaka 1980 na kukitumia leo kusawazisha kifaa chake atakosea kwa karibu robo. Anayepima vyote viwili usiku mmoja akagawanya kimo cha mawimbi ya kimoja kwa cha kingine hahitaji jedwali hilo, kwa sababu makosa ya kikuza na ya waya yanajifuta yenyewe kwenye mgawanyo. Uwiano huo ukirekodiwa kila Julai kwa antena zile zile, zisizoguswa, baada ya miaka kumi utakuwa umeshuka kwa asilimia 6 au 7.